Fidia ya ugoni: aliyekula kiapo hakuulizwa kitu

Miaka kadhaa nyuma niliitwa ofisi ya serikali ya mtaa niwe shahidi, yaani wa kusaini tu kwamba nilikuwepo, na kesi yenyewe ilikuwa ya fumanizi. Mume ni fundi ujenzi, alikuwa amemkuta mkewe gesti na kijana wa bodaboda. Mle ndani kulikuwa na meza moja, mwenyekiti, mtendaji, wajumbe wawili, kijana mwenyewe jicho moja limevimba halifunguki, mume ameshika simu yenye picha alizopiga mlangoni, na karatasi ya mistari ambayo mtendaji alikuwa anaijaza kwa kalamu ya bluu, "mimi fulani nakiri kutembea na mke wa fulani". Wakaanza na milioni mbili, wakashuka mpaka laki nane, tatu pale pale na iliyobaki kwa awamu, kaka yake yule kijana akahesabu noti mezani mara mbili. Mke alikuwa nje chini ya mwarobaini amejifunika kanga mpaka usawa wa macho, na kwa saa mbili na ushee hakuna aliyemuita. Mpaka mjumbe mmoja, mama mtu mzima, akasema jamani na huyu binti mbona hatumuulizi, si ndo mwenye ndoa? Mume akajibu haraka haraka, "Huyo niachieni mimi, tutaongea nyumbani." Kila mtu mle ndani alielewa maana ya ile sentensi na hakuna aliyesema neno, mimi nikiwemo, nikachukua kalamu nikasaini.

Toka siku ile hili jambo halijanitoka, na kila nikisikia watu wanabishana kuhusu michepuko, kwamba mwizi wa ndoa ni yule wa nje au ni wa ndani, na kwamba serikali iwafunge au isiwafunge, huwa narudi pale mezani. Sababu watu wengi wanabishana bila kujua sheria yetu inasema nini hasa, na sheria yetu imechagua upande kitambo tu.

Tanzania bara kuzini na mke au mume wa mtu sio jinai. Hakuna polisi wa kukukamata kwa hilo peke yake. Ila Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 72, inampa mume au mke haki ya kumdai fidia mtu aliyezini na mwenzi wake, ndo hiyo inaitwa fidia ya ugoni, na kifungu cha 73 kinamgusa hata yule aliyemshawishi mtu aikimbie ndoa yake. Soma vizuri hapo, anayedaiwa ni wa nje. Mwenzi wako mliyeapa nae hulipwi nae kitu, yeye anakutana na sheria kwenye kifungu cha 107 tu, pale ambapo ugoni unatajwa kama moja ya mambo yanayoonyesha kwamba ndoa imevunjika pasipo kurekebishika, hasa ukiwa umerudiwa au umeendelea hata baada ya kulalamikiwa. Kwa hiyo kama hutaki talaka wala kutengana kisheria, na wengi hawataki, basi mtu pekee unayeweza kumfikisha mahakamani ni yule ambaye hakukuapia chochote.

Kuna jambo moja la kuisifia ile sheria ya 1971 na naona haisifiwi vya kutosha, inasema "mume au mke". Mwanamke anaweza kumdai hawara wa mumewe sawasawa na mwanaume anavyoweza kumdai mgoni wake. Sasa linganisha na majirani. Uganda walikuwa na kifungu cha 154 kwenye sheria yao ya jinai ambacho mwanaume aliyeoa akilala na mwanamke asiyeolewa hana kosa lolote, lakini mwanamke aliyeolewa akilala na mwanaume yeyote yule ni kosa, na faini ya mwanaume aliyelala na mke wa mtu ilikuwa shilingi mia mbili na fidia shilingi mia sita, hela ambayo siku hizi ni ndogo mno. Kile kifungu kilidumu mpaka Aprili 2007 Mahakama ya Katiba ilipokifuta kwa ubaguzi. India nao sheria yao ya 1860 ilimfunga mwanaume mpaka miaka mitano kwa kulala na mke wa mtu bila ridhaa ya mume wake, narudia, ridhaa ya MUME, yaani mume akiruhusu basi hakuna kosa, kama vile mtu kaazima jembe la jirani. Mahakama yao ya Juu iliifuta Septemba 2018.

Hapo ndo unaona mzizi wa hii kitu. Madai ya ugoni hayakuanza kama kulinda mapenzi, yalianza kama kulinda mali. Kwenye mila zetu nyingi mahari imelipwa, ng'ombe wametoka, mke ni wa ukoo, mtu akimgusa ameingia kwenye shamba la watu na anatozwa. Mpaka leo ukisikiliza lugha ya mtaani inakwambia, "mke wa mtu sumu", mume wa mtu hana msemo mzito kama huo. Sheria ya 1971 ikachukua madai ya zamani ikayavalisha nguo mpya ya usawa, jambo zuri, lakini mwili ndani ya nguo ni ule ule.

Lakini sitaki kuwaonea wanaotetea fidia, sababu wana hoja nzito na mimi mwenyewe nimezizungusha kichwani sana.

Ya kwanza ni kwamba mtu wa nje sio malaika aliyepita tu njia. Anajua. Ameona pete, anajua watoto wanasoma wapi, wakati mwingine amekula ugali kwenye hiyo nyumba na mwenye nyumba anamuita shemeji. Na sheria imeliona hili, kifungu hicho hicho cha 72 kinasema ukithibitisha kwamba hukujua na hata kwa kujitahidi kawaida usingeweza kujua kwamba huyo ni mke au mume wa mtu, kesi inatupwa. Pia inatupwa kama mwenye ndoa mwenyewe aliridhia au alifumbia macho. Kwa hiyo dada aliyedanganywa kwamba jamaa alishaachana na mkewe, jamaa anavua pete kwenye daladala na kuiweka mfuko wa shati, huyo dada ana pa kusimamia. Anayebaki kudaiwa ni anayejua kabisa anachofanya. Kusema huyo hana hatia yoyote kwa sababu hakula kiapo, kwa kweli mimi siwezi, maana hata mtu asiyesaini mkataba akijua kuna mkataba na akasaidia kuuvunja kuna namna amehusika.

Ya pili ndo nzito zaidi. Mtu akifumaniwa kuna hasira pale ambayo ni ya damu. Kanuni ya Adhabu yetu yenyewe inakiri hilo, mtu akiua kwa kughadhabishwa ghafla kabla damu haijapoa kosa linaweza kushuka kutoka mauaji ya kukusudia kuwa kuua bila kukusudia, na fumanizi ni mfano ambao kila mwanasheria anaujua. Sasa wanaotetea fidia wanasema hivi, huyu mtu mwenye panga mkononi unamwambia nini? Ukimwambia sheria haina lolote kwa ajili yako nenda kalale, unamsukuma. Ukimwambia weka panga chini, nenda mahakama ya mwanzo ukadai, umempa pa kupeleka machungu. Nilimsikia mzee mmoja pale pale kwenye ile ofisi akisema karatasi ile imeokoa watu wengi kuliko hospitali, na sina uhakika kama alikosea.

Sawa. Sasa upande wa pili.

Kwanza pesa yenyewe. Kifungu cha 74 kinaiachia mahakama ipange kiasi, iangalie mila za wahusika na kama mke na mume walikuwa wanaishi pamoja au wametengana, lakini kinakataza fidia kuwekwa kama adhabu. Yaani sheria yenyewe haitaki kumuadhibu mtu, inataka kumfidia aliyeumia. Haya, unafidiaje? Mtu amevunjika mguu unajua gharama ya hogo na siku alizokosa kazi, lakini mtu ambaye halali usiku anapekua meseji za miezi nane, anasoma "umefika salama mpenzi" aliyotumiwa mwingine saa ile ile ambayo yeye alikuwa wodini na mtoto, hiyo ni laki ngapi? Ndo maana mtaani ile fidia imegeuka bei. Na ikishakuwa bei inakuwa biashara, kila mtu aliyeishi mijini hapa anajua habari za mafumanizi ya kupanga, mume na mke wamekubaliana, mke anamvuta jamaa mwenye kipato gesti, dakika kumi baadae mlango unagongwa na watu wanne na simu zinarekodi, jamaa anavuliwa nguo anatishiwa video kurushwa, anatoa milioni mbili anaomba yaishe. Sheria iko wazi kwamba aliyeshiriki kupanga hadai kitu, na kumtishia mtu ili atoe hela ni jinai, lakini jamaa aliyefumaniwa hana ujasiri wa kwenda polisi kueleza alikuwa gesti anafanya nini. Aibu yake ndo mtaji wao.

Pili, na hapa ndo roho yangu inapouma, tukimkamata wa nje tunamuacha wa ndani apite. Waliofundishwa hili kwa uchungu ni Taiwan. Sheria yao ya jinai iliadhibu wote wawili, mwenye ndoa na mchepuko wake, inaonekana haki kabisa. Ila utaratibu wao wa mashtaka uliruhusu mlalamikaji kufuta shtaka dhidi ya mwenzi wake na kuliacha liendelee dhidi ya yule mwingine. Matokeo yake wake wengi walisamehe waume zao, wana watoto, wana nyumba ya pamoja, halafu mwanamke wa nje akabaki kizimbani peke yake kwa kitendo cha watu wawili. Mahakama yao ya Katiba ilifuta vyote viwili Mei 2020, kosa lenyewe na ule mlango wa kusamehe nusu. Mi naona sisi tumefika pale pale bila hata kupita kwenye jinai, tofauti ni kwamba kwetu wa ndani hakuwahi hata kuwekwa kwenye shtaka.

Afrika Kusini walikuwa na kitu karibu sawa kabisa na fidia yetu. Mume mmoja alimshtaki mwanaume aliyetoka na mkewe, Mahakama Kuu ikampa randi 75,000, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Katiba na Juni 2015 ikaamua kwamba madai ya aina hiyo hayapo tena. Kwa ufupi walisema ndoa inasimama kwa upendo na utashi wa hao wawili, wakishindwa wao sheria haiwezi kuishika kwa kumtoza mtu wa tatu, na kesi zenyewe zinadhalilisha watu, unasimama kizimbani unaulizwa mlilala mara ngapi na wapi. Kenya nao walipoandika Sheria ya Ndoa ya 2014 waliifuta ile ya zamani iliyokuwa na mambo ya fidia, ugoni ukabaki kuwa sababu ya talaka.

Na wale wanaosema fidia haitoshi, iwe jela? Huu ndo mjadala unaopendwa sana sasa hivi, hasa mtu akiwa ameumizwa juzi. Rwanda ni jinai mpaka leo, sheria yao ya 2018 inatoa kifungo cha hadi mwaka mmoja, kesi haianzi mpaka mume au mke aliyekosewa alalamike na akisamehe inaweza kusimamishwa, na 2019 Mahakama ya Juu ilipoombwa ikifute kile kifungu cha sheria ilikataa ikasema familia inastahili kulindwa. Siidharau hiyo hoja. Lakini fikiria inavyofanya kazi chumbani. Mimi na wewe tumeoana, umenikosea, sasa nina ufunguo wa jela mkononi. Kila tukigombana kuhusu hela ya kodi nakukumbusha ufunguo. Korea Kusini waliishi hivyo toka 1953, kifungo mpaka miaka miwili, na ili ulalamike ilibidi kwanza uwe umefungua talaka, matokeo yake shtaka likawa kifaa cha kubanana kwenye kugawana mali, nipe nyumba nifute kesi. Majaji saba kati ya tisa waliifuta Februari 2015.

Tena tusisahau jela humkuta nani. Zanzibar waliwahi kuwa na sheria ya 1985 iliyokuwa inamfunga mwanamke asiyeolewa akipata mimba. Mwanaume nae alikuwa na adhabu yake kwenye karatasi, lakini ushahidi wa mwanamke ulikuwa tumboni kila mtu anauona, mwanaume akikana nani atathibitisha. Mwaka 2005 wakaibadilisha wakaondoa kile kifungo cha mama. Haikuwa sheria ya ugoni, lakini inakuonyesha kitakachotokea ukiweka polisi kwenye mambo ya kitandani, anayenaswa ni mwenye ushahidi mwilini.

Watu wa dini watanikumbusha kwamba Mungu ameweka adhabu, na kweli ameweka. Walawi 20:10 inawataja wote wawili, mwanaume na mwanamke. Surat An-Nur inataja viboko mia kwa kila mmoja. Lakini sura hiyo hiyo aya mbili mbele inadai mashahidi wanne, na asiyewaleta akamtuhumu mwanamke aliyejitunza anapigwa yeye viboko themanini na ushahidi wake haupokelewi tena. Ukiitafakari hiyo hesabu unaona mlango wa kumuaibisha mtu umefanywa mwembamba kweli kweli. Na mume anayemtuhumu mkewe hana mashahidi haambiwi aende akavunje mlango na simu mkononi, anaapa yeye, anaapa mke, ndoa inavunjika, basi. Kwenye Injili nako Yohana 8 analetwa mwanamke peke yake, amefumaniwa katika tendo lenyewe wanasema, na mpaka leo hakuna anayejua yule mwanaume alikuwa wapi asubuhi ile. Mama yetu mjumbe wa mtaa aliuliza swali hilo hilo kwa kinyume chake.

Sasa mimi nasimama wapi. Lawama ya kwanza na kubwa ni ya aliyeapa. Sio kwamba wa nje ni msafi, nimeshasema, lakini wa nje hakuwa na funguo za nyumba yako, alifunguliwa. Na sio kila aliyeapa ni mnyama, kuna ndoa ambazo mmoja alishahama kimoyo miaka mitano nyuma, kuna mabinti walioozeshwa na wazazi na hiyo hiyo sheria ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya mzazi, halafu akiwa na miaka 22 akampenda mtu kwa mara ya kwanza tunaita ugoni. Ndo maana jela naikataa kabisa. Jela haiwezi kutofautisha hizo habari mbili.

Fidia nayo, baada ya kuizungusha sana, nadhani ibaki kwa muda tu kwa sababu ya ile hoja ya panga, na ibaki mahakamani peke yake, mbele ya hakimu anayeuliza maswali, yale ya kuandikiana usiku ofisini jicho la mtu limevimba yakome. Mwenyekiti wa mtaa sio mahakama. Karatasi iliyosainiwa baada ya kipigo sio mkataba. Lakini kitu ambacho ningependa kibadilike hasa ni kumfuata aliyeapa pale anapoweza kufidia kweli, yaani kwenye mali ya familia. Kifungu cha 114 kinaorodhesha mambo ya kuangalia wakati wa kugawana mali ya ndoa, mila, mchango wa kila mmoja, madeni, mahitaji ya watoto, na ugoni haumo. Nisieleweke vibaya, sitaki mama aliyefua na kupika miaka ishirini anyang'anywe nusu yake kwa sababu ya kosa moja, hilo lingerudisha yale yale ya ng'ombe. Nazungumzia hela ya familia iliyohamishwa. Baba amemjengea hawara nyumba kwa mkopo uliowekewa dhamana kiwanja cha watoto, mama amemnunulia kijana pikipiki kwa hela ya kikoba, hiyo sio suala la mapenzi, hiyo ina risiti na tarehe, hesabu iandikwe na irudi kwenye meza ya kugawana.

Hapo anayedaiwa ni aliyechukua, na kinachodaiwa ni alichochukua. Maumivu ya usingizi yanabaki, kwa hilo sioni sheria itafanya nini.

Yule kijana wa bodaboda alilipa awamu ya mwisho mwezi wa tano, nilimkuta akiipeleka na akanionyesha ile karatasi aliyorudishiwa imechanika kwenye mkunjo. Mume alishanunua bati kwa ile laki tatu ya kwanza. Mke hakuwepo tena kwenye ile nyumba, wiki ya tatu tu baada ya kikao yule mama mjumbe alikuwa amempeleka polisi wakachukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo kwenye matibabu, kisha zahanati, mkono ukafungwa hogo, na kwenye maelezo yake askari alipomuuliza kama tukio liliwahi kuripotiwa sehemu yoyote, alisema ndio, tulikaa ofisi ya mtaa, ila mimi nilikuwa nje.